Nimefukua kitu kizito cha chuma: mke hataki kikae ndani, mdogo wangu anataka kukikata

Shikamoo mama. Naomba jina langu lisitokee maana ndugu zangu nao ni wasomaji wako, na hili jambo mpaka sasa tunalijua watu wachache sana.

Mimi ni baba wa miaka 41, nina mke na watoto watatu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nachimba shimo la maji taka nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja alichotuachia marehemu baba. Nishafika kama futi nne chini, sululu ikagota. Nikasema jiwe hilo. Kupiga tena, ukatoka mlio wa chuma, ule unaokuingia mpaka kwenye meno. Nikaacha sululu nikaanza kuchimbua pembeni kwa mikono na kisu mpaka nikalitoa lote. Aisee ni zito! Ukiliangalia unasema kilo saba nane, lakini nililibeba kwa shida nikasimama nalo kwenye ile mizani ya kupimia watu, nikatoa uzito wangu, zikabaki kilo 23.

Nikueleze lilivyo. Urefu ni kama kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole, unene kama paja la mtoto. Lote limevaa gamba la kutu lililoshikana na udongo na vijiwe, gumu kama zege, kwa hiyo sura yake halisi siioni vizuri. Upande mmoja umechongoka kidogo, mwingine ni bapa. Karibu na ule upande bapa kuna kitu kama mkanda kimezunguka pande zote, nilipokwangua hapo kidogo kwa kisu pakatoa rangi ya wekundu wekundu unaong'aa. Sumaku ya spika inashika, sehemu zingine vizuri, sehemu zingine kidogo sana, ila kwenye huo mkanda haishiki kabisa. Hapo ndo moyo ukaanza kudunda, maana dhahabu si haishikwi na sumaku?

Nikaangalia video nikaona watu wanapima kwa maji. Nikajaza ndoo mpaka mdomoni, nikaiweka ndani ya beseni, nikalizamisha taratibu, maji yaliyomwagikia kwenye beseni nikayapima kwa chupa ya lita moja zikatoka chupa tatu. Mengine yalirukia sakafuni sikuyahesabu. Baada ya hapo sikujua nifanye nini na hizo namba nikaziandika tu kwenye karatasi.

Sasa shida yangu inaanzia hapa. Kitu chenyewe nimekiweka uvunguni mwa kitanda chetu. Mke wangu tangu siku ya kwanza hakitaki, anasema hajui ni nini na watoto wanaingia humo kucheza, juzi kanambia kama siwezi kukitoa basi yeye ataondoka na watoto. Mdogo wangu yeye ana rafiki fundi wa kuchomelea, wameshapanga Jumamosi hii waje na grainda wakate kipande tuone ndani kuna nini. Anasema namchelewesha kutajirika. Halafu kuna jamaa alituletea yeye huyohuyo mdogo wangu, anajiita mtaalamu wa madini, akadondoshea maji maji fulani kutoka kwenye kichupa yakatoa povu, akashika kichwa akasema haya ni madini adimu sana tusimwambie mtu, ila anahitaji hela ya kununua dawa ya kulifungua. Hela yenyewe sina, ningekopa.

Na kuna la nne ambalo ndo linaninyima usingizi zaidi. Kiwanja ni cha marehemu baba, hatujagawana rasmi, na dada yetu mkubwa hajui chochote. Tulishagombana naye vibaya wakati wa msiba kwa ajili ya vitu vidogo tu, miaka miwili hatukusalimiana, ndo kwanza tumerudiana. Nikimwambia naogopa atasema nusu yake, nisipomwambia na baadaye akasikia, basi tena. Kwenda serikalini naogopa watachukua na kunihoji nimelitoa wapi. Mama nifanyeje? Ni kitu gani hiki? Nisaidie.

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa wiki tatu za kulala juu ya jambo zito, maana kwako limekuwa zito kwa kilo na kwa moyo pia.

Kabla ya yote nina ombi moja ambalo sitalizungusha. Hilo grainda la Jumamosi lisije. Na kuanzia sasa hicho kitu usikisogeze, usikikwangue, usikigonge, usikimwagie kitu. Toa watu chumbani, ikiwezekana leo watoto na mama yao walale nyumba nyingine, funga mlango, halafu ukiwa mbali na nyumba piga simu polisi uwaambie umefukua chuma kinachofanana na kombora la zamani. Usikibebe kuwapelekea, wao ndio wanakuja. Hata kukirudisha shimoni usikirudishe, najua kishawishi kipo.

Nimekwambia hivyo kwa sababu ya sentensi zako mbili tatu ambazo wewe ulizipita haraka. Upande mmoja umechongoka, mwingine bapa, na karibu na ule bapa kuna mkanda mwekundu ambao sumaku haiugusi. Makombora ya mizinga ya zamani yalitengenezwa hivyohivyo. Mwili ni wa chuma, na karibu na kitako wanakaza mkanda wa shaba, kwa sababu shaba ni laini, kombora likisukumwa na baruti ule mkanda unajibana kwenye mistari iliyochongwa ndani ya mtutu na kombora linatoka likiwa linazunguka, ndo linakwenda sawa bila kuyumba. Shaba nayo haishikwi na sumaku, kama dhahabu tu. Mimi niko huku sijakiona, inaweza kuwa kipande cha pampu au ekseli ya mashine iliyokufa zamani chenye bushi ya shaba, na ningefurahi sana kikiwa hivyo. Lakini ukiwa na mashaka kati ya bushi na bomu, unaishi kama vile ni bomu mpaka anayejua akwambie siyo.

Utasema mama, mbona nilishalipiga sululu mara mbili na halikufanya kitu. Nimshukuru Mungu nawe. Ila mwanangu hiyo isikupe moyo. Ubelgiji na Ufaransa wakulima mpaka leo wanafukua makombora ya vita iliyoisha 1918, zaidi ya miaka 100, na bado yanakusanywa na wataalamu wa mabomu kila mwaka kwa sababu baruti ya ndani haiozi kama mbao, na kile kiwashio chake kikizeeka kinaweza kuwa na hasira kuliko kilipokuwa kipya. Göttingen kule Ujerumani, mwaka 2010, watu watatu waliuawa na bomu la vita ya pili walipokuwa wanajiandaa kulitegua. Hao ndo kazi yao. Sasa fikiria fundi wa kuchomelea na grainda lake, joto, cheche, mtikisiko, wote mmesimama mmezunguka mnachungulia.

Haya, sasa tukae tuzungumze, maana barua yako ina mambo mengi na bomu ni moja tu.

Nikikusoma vizuri, unaniuliza maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni hiki ni nini. La pili ni nani kati ya watu wangu nimsikilize, mke anayeogopa, mdogo wangu anayeharakisha, mgeni mwenye kichupa, au dada ambaye hata hajui. Na katikati kuna dhana moja umeibeba tangu siku ya kwanza, kwamba kikiwa kizito basi kina thamani. Tuanze na hiyo, na bahati nzuri wewe mwenyewe umeshafanya kazi kubwa bila kujua, zile namba zako kwenye karatasi.

Kipimo cha maji kinafanya hivi: unachukua uzito unaugawa kwa maji yaliyomwagika. Kilo 23 kwa lita 3 inakuja kama 7.7, yaani kila lita moja ya hicho kitu ina kilo 7.7. Chuma cha kawaida ni kama 7.9 kwa lita. Shaba ni karibu 9, fedha 10.5, risasi (ile metali, siyo ya bunduki) 11.3, dhahabu 19.3. Kwa hiyo kama kile kitu kingekuwa dhahabu tupu kwa ukubwa huohuo wa lita tatu, usingesimama nacho kwenye mizani kirahisi, kingekuwa na kilo karibu 58. Risasi ingekuwa kilo 34. Uzito uliokushtua ni uzito wa chuma tu, sema sisi mikono yetu imezoea kubeba vitu vyenye uwazi ndani, sufuria, bomba, jembe, ukikamata chuma kilichojaa unaona maajabu.

Halafu kuna lile ulilosema kwamba maji mengine yalirukia sakafuni. Hili ni la maana sana. Maana yake lita tatu ni chini ya ukweli, huenda zilikuwa tatu na nusu, huenda nne. Zikiwa nne, hesabu inashuka mpaka 5.75. Kosa lako linakwenda upande mmoja tu, linazidi kuisogeza mbali na dhahabu, haliwezi kuirudisha. Ila angalia kitu kingine, kikishuka chini ya chuma namna hiyo inaweza kuwa ni lile gamba la udongo na kutu ambalo ni jepesi kuliko chuma, au inaweza kuwa kuna uwazi ndani, au kuna kitu kingine chepesi ndani. Na kinachojaza tumbo la kombora ni chepesi kuliko chuma mara kadhaa. Unaona kwa nini namba yako hainitulizi?

Najua mdogo wako atasema labda ni boksi la chuma limefichwa dhahabu ndani. Sitamdanganya, kwa hesabu peke yake siwezi kulikataa, maana chuma, dhahabu na hewa vikichanganywa vinaweza kutoa namba yoyote. Lakini namba hiyohiyo inakubali baruti pia. Kipimo kisichoweza kutofautisha utajiri na kifo si cha kutembea nacho kwenda kushika grainda.

Watu wengi wakiokota chuma kizito wanafikiria kimondo pia, nashangaa wewe hukukitaja. Vipo kweli. Kile kikubwa kuliko vyote tunavyovijua, Hoba kule Namibia, mkulima alikigundua mwaka 1920 plau yake ilipogota wakati analima, ni kama tani 60, na Tanzania kuna cha Mbozi. Vimondo vya chuma vinashikwa na sumaku na karibu vyote vina nikeli ndani, asilimia tano kwenda juu. Lakini kimondo hakina mkanda wa shaba uliokaa sawa kuzunguka pande zote. Kitu kilichonyooka, kilicholingana, chenye pete, kimetoka mikononi mwa binadamu. Hilo ndo la kushika kichwani hata baadaye ukifukua kingine: kabla ya kuuliza ni madini gani, uliza kilitengenezwa au kilijitengeneza. Na kikiwa kilitengenezwa, uliza cha kazi gani.

Huyu bwana wa kichupa sasa. Simfahamu na siwezi kumhukumu moyo wake. Ila povu lake nalifahamu. Asidi ukiidondoshea kwenye udongo wenye chokaa inatoa povu, ukiidondoshea kwenye chuma kitupu inatoa vipovu vilevile, na hicho kitu chako kimevaa udongo mwili mzima. Povu halijasema chochote kuhusu madini adimu. Mwenye ujuzi wa kweli angeanza na maswali mengi, kimetoka kina gani, sura yake, uzito, angepiga picha, angetaka apime hapohapo. Siku hizi zipo mashine za mkononi zinazotumia eksirei, unaelekeza tu kwenye chuma sekunde chache inakupa majina ya metali zilizopo bila kukata hata unywele, ingawa nazo zinasoma ngozi ya juu tu, kutu nene inazichanganya na kilichopakwa dhahabu kinaweza kuonekana dhahabu. Tofauti na yeye ni kwamba haziombi siri. Mtu akisema usimwambie mtu halafu papo hapo akasema lete hela, mimi moyo wangu unakuwa mzito, na nakusihi usikope kwa ajili hiyo. Lakini hela ni yako, na uamuzi ni wako.

Kingine kifupi. Ndani ya vyuma chakavu kuna vile vya hospitali na viwandani vyenye mionzi, mara nyingi vimefungwa kwenye risasi kwa hiyo ni vizito kuliko umbo lao. Goiânia, Brazil, mwaka 1987 watu walichukua mashine ya matibabu kwenye kliniki iliyohamwa, ikafunguliwa kwa wauza vyuma chakavu, wakakuta unga unaong'aa rangi ya bluu wakagawiana kama zawadi. Wanne wakafa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Chako hakifanani na hivyo, nimekitaja kwa ajili ya mdogo wako na kile kishawishi cha kufungua ili tuone ndani kuna nini.

Basi njia zako ni zipi. Ukipiga simu, ambayo ndo nimekuomba, hasara zipo na sitakuficha. Watakuja, mtaa utajaa watu, utahojiwa, kitu kitachukuliwa na inawezekana usikione tena. Inawezekana pia wakakwambia ni ekseli ya mashine, ukabaki na aibu ya siku mbili. Hofu yako ya kuhojiwa naielewa, ila fikiria utasema nini: nilikuwa nachimba shimo la maji taka, nimekuta hiki, nimewaita. Stori ya mtu aliyeita mwenyewe ni fupi. Inayorefuka ni ya mtu aliyekutwa nacho baada ya miezi sita, kimekatwa nusu. Na kama kitatokea kuwa kitu cha kale cha historia, nchi nyingi sheria inataka kiripotiwe, zingine zina utaratibu wa kumpa chochote aliyekiokota, Uingereza kwa mfano sheria yao ya 1996 inaweza kumlipa aliyekiona na mwenye ardhi. Ya kwenu ukaiulize makumbusho au ofisi ya mambo ya kale, au umuulize wakili.

Kuuza kwa watu wa skrepa unaweza kuwaza, kilo 23 za chuma ni kilo 23. Lakini hapo unahamisha hatari kwa mtu mwingine mwenye nyundo na tanuri, ambaye naye ana watoto. Kukizika tena kunatuliza leo tu, kesho mjukuu wako atachimba shimo lake palepale.

Kuhusu mke wako. Wewe umemweka kwenye barua kama mmoja wa wanaokusumbua, mimi nilivyosoma nikaona ndiye pekee aliyesema hajui ni nini. Wengine wote mmeshaamua ni utajiri, mnabishana njia tu. Labda anachokataa si kile chuma, labda ni kwamba wiki tatu amesema naogopa na hakuna aliyekaa naye kitako. Ungemuuliza nini kinamtisha zaidi, ungesikia nini? Mdogo wako naye nisingempa jina la mlafi haraka hivyo, kijana anayesema unanichelewesha kutajirika mara nyingi ana deni au aibu mahali ambayo hajakwambia. Mwonyeshe hesabu, gawanyeni wote wawili 23 kwa 3, aone kwa macho yake. Linaloumiza kuliko kukatazwa ni kukatazwa bila kuelezwa.

Na dada yako. Hapa ndo nimekaa muda mrefu kuliko kote. Unasema unaogopa atadai nusu, lakini nusu ya nini mwanangu? Mpaka sasa hakuna mali yoyote, kuna chuma chenye kutu uvunguni, na wewe tayari umeshagawana naye kichwani ukagombana naye na akakununia. Unaweza kusubiri mpaka kijulikane ni nini ndipo umwambie, faida yake ni kwamba hutamsumbua bure, hasara yake ni kwamba kikiwa na thamani ataambiwa baada ya wewe kujua, na hapo hata ukimpa nusu atakumbuka zile wiki. Unaweza kumwambia sasa hivi, hasara ni kelele, labda kelele kubwa, lakini unamwambia jambo la hatari na si jambo la mali: dada, tumefukua kitu kwenye kiwanja cha baba, nahisi ni bomu, nimewatoa watoto. Sidhani mtu huanza na nusu yangu akisikia sentensi hiyo, ila wewe ndo unamjua, mimi sijawahi kumwona. Wapo pia wanaomtanguliza mtu mzima wa ukoo aende kumwambia, kama kwenu yupo ambaye wote mnamsikiliza.

Na lile la kiwanja kutogawanywa lipo hata chuma hiki kikiondoka. Sijui kama mko tayari, maana miaka miwili ya kutosalimiana si mchezo, lakini mtakapochimba msingi au kupanda mti mtakutana nalo tena.

Niandikie ukishawapigia. Na hilo la watoto kulala kwingine usilisubirishe mpaka umalize kufikiria mengine, mwambie mama yao sasa hivi, ukiwa bado na hii barua mkononi, afungashe nguo za siku mbili tatu.